Meno Mawili Ambayo Hayakuota

Siku mliponiaga pale hospitalini mlinipa saa ya ukutani, vitenge viwili na hotuba ndefu kuliko foleni ya Jumatatu. Nashukuru. Mlangoni yule mdogo wenu kuliko wote, Rehema, akanishika mkono akasema, "Mama, tuandikie basi, usiondoke na kila kitu kichwani." Tangu siku hiyo nimekaa nyumbani hapa Same nikimwagilia mchicha na kugombana na kuku wa jirani, na nimeona afadhali niandike kuliko kuendelea kugombana. Habari za vyeo msizitegemee. Nilipanda mara mbili tu, tena kwa kuchelewa, na mshahara wangu mnaujua maana ni huo huo mnaolalamikia ninyi. Nitaandika juu ya meno na mifupa, na jinsi inavyorithiwa, na juu ya familia moja ya Chome ambayo kila nikiikumbuka roho inaniuma.

Nilifika Same nikiwa binti wa Ugweno, nimetoka chuo na cheti cha utabibu wa meno, na sweta mbili ambazo sikuzivaa tena. Kwetu ni milimani, baridi na migomba. Same nikakuta upepo, vumbi na jua linalochoma hadi kwenye kivuli. Wagonjwa walishuka kutoka Upareni kusini wakizungumza Chasu, mimi najua Kigweno, tukawa tunakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Kiti cha meno kilikuwa kiti cha mbao alichotengeneza fundi wa mtaani, kimeongezwa kibao cha kuegemeza kichwa. Taa ilikuwa tochi, na aliyeishika alikuwa ndugu wa mgonjwa, ambaye mara nyingi ndiye aliyezimia kwanza. Vyombo tulichemsha kwa sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Ninyi mnaolalamika kwamba kiti cha umeme kinapiga kelele, Mungu awasamehe.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Maore mwenye gego bovu. Nilimchoma ganzi vizuri, nikakamata jino kwa koleo, nikavuta kwa nguvu zangu zote za usichana. Likakatika. Mzizi ukabaki ndani, mzee ananitazama kwa huruma, na mimi jasho linanitoka hadi magotini. Mkuu wangu wa kazi, Mzee Sefania, akaja, akautoa mzizi ule kwa muda ambao mimi ningetumia kutafuta pamba. Mgonjwa alipoondoka akaniambia kwamba jino halivutwi. Unalisukuma kwanza kuelekea kwenye mfupa kana kwamba unataka lirudi lilikotoka, unalitikisa nje na ndani mpaka tundu lipanuke, ndipo linakuja lenyewe. Nimewafundisha wote hivyo, na bado nawasikia mkivuta.

Mzee Sefania alikuwa mtu wa Mbaga, mwembamba, mzee wa kanisa la Kilutheri, na alikuwa na kabati la mifupa. Nasema kweli. Alikuwa akienda buchani kila alipopata nafasi, ananunua vichwa vya mbuzi na ng'ombe, anavichemsha nyuma ya jengo, anasafisha mataya na kuyapanga. Mjini walisema daktari wa meno anajipikia supu kazini. Alikuwa na taya la nguruwe, la mbwa, la pelele, yule pimbi wa mitini, kutoka msitu wa Shengena, na la nyani aliyegongwa na gari barabara kuu. Wiki yangu ya pili alinipa taya la juu la mbuzi akaniuliza nani kayachukua meno ya mbele. Nikatazama, hakuna tundu, hakuna kovu, ni mfupa laini tu. Nikasema hakuna aliyeyachukua. Akafurahi sana, akanieleza kwamba hapo zamani mno wanyama wa jamii ile walikuwa na meno ya mbele juu, kisha wakazaliwa wenye pungufu, wakaweza kula majani vizuri tu, wakazaa, na watoto wao wakazaa, mpaka pengo likawa ndiyo kawaida. Mchungaji alipomwuliza kama habari hizo haziendi kinyume na Biblia, alijibu kwamba Mungu hana haraka kama sisi. Kisha akamwonyesha taya la pelele, na mchungaji akasahau swali.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mwingine. Kwetu mgonjwa haji peke yake, anakuja na mama, shangazi na jirani mwenye shughuli zake mjini. Mzee Sefania hakuwafukuza kwenye benchi. Alikuwa anapita mmoja mmoja, "Na wewe fungua, na wewe mama, na wewe hapo nyuma," wanafungua wakicheka. Mtoto mwenye jino la ziada, alikuwa anamtafuta mjomba mwenye jino la ziada. Msichana mwenye taya la chini lililotokeza, alikuwa anauliza baba yupo wapi. Aliniambia kwamba ukitazama mdomo mmoja umeona jino, ukitazama midomo ya ukoo ndipo umejua habari yake. Wakati huo neno vinasaba lilikuwa halijatufikia pale hospitalini. Alisema tu, "Limetoka upande wa baba," au, "Limetoka kwa mama," na akawa sahihi mara nyingi kiasi cha kuudhi.

Mara moja alinisimulia habari za kwao. Zamani, kabla ya kanisa, wazee wa ukoo waliofariki walihifadhiwa mafuvu yao kwenye vyungu, ndani ya msitu ambao haukatwi kuni. Babu yake alimpeleka akiwa kijana akaona. Alichokikumbuka ni magego. Mafuvu yale yalikuwa na taya pana, magego ya mwisho yametoka yote, yana nafasi, yamesagika yakawa tambarare kwa kutafuna vyakula vigumu. Sisi leo tunakula laini tangu utotoni, taya halikui vya kutosha, gego la mwisho linakosa pa kutokea linalala ubavu, na mnajua wenyewe mnavyohangaika nalo. Wengine wanazaliwa hata mbegu ya gego hilo hawana. Mzee Sefania alisema kwa masikitiko kwamba tunapungua mdomoni na hakuna anayelia. Alistaafu, akafariki kwao Mbaga, na nilipokwenda kumzika nilijiahidi kulitunza lile kabati. Lilipojengwa jengo jipya mimi nilikuwa likizo. Nilirudi nikakuta wafanya usafi wamechoma kila kitu pamoja na takataka, wakidhani ni mifupa ya vyakula. Nililia mbele yao, nao wakaniomba radhi bila kuelewa wanaomba radhi ya nini.

Sasa niseme habari ya Chome.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja wa makamo, na nyuma yake binti aliyebeba mtoto wa kiume mgongoni. Nasema nyuma yake kwa sababu ndivyo walivyotembea, na yule mama ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mgonjwa ingawa hakuwa na tatizo lolote. Aliitwa Mama Zakaria. Binti alikuwa mkwewe, jina lake Naetwe. Mtoto alikuwa mjukuu, ingawa hilo ndilo hasa lililowaleta. Alikuwa ameshaanza kukimbia, mzima, mchangamfu, na chini mbele hakuwa na meno mawili ya katikati. Meno ya juu yalikuwa yametangulia kutoka. Kule kwetu mnajua maana yake. Mtoto wa hivyo anaitwa kigego, na zamani hakuachwa akaishi. Siku hizi kanisa limetutoa huko, wakamwombea, wakasubiri meno ya chini. Yakatoka ya pembeni, lakini ya katikati hayakuja, na hapo maneno yakabadilika.

Wamasai wa tambarare wana desturi ya kuwang'oa watoto wao meno hayo hayo mawili. Wana sababu zao, na moja ni kwamba mtu akikaza taya kwa ugonjwa apatikane pa kumnyweshea uji. Naetwe, kabla ya kupata mimba, alikuwa ameshuka Kwakoa, kule kuelekea Ziwa Jipe, kumuuguza dada yake, akakaa huko msimu mzima. Kwakoa Wamasai wanapita na ng'ombe kila siku. Basi watu wa Chome wakaunganisha, wakasema baba wa mtoto ni Mmasai. Mama Zakaria hakusema kwa matusi, alikuwa mtu wa heshima zake. Alinieleza taratibu, kama mtu anayeeleza mpaka wa shamba, kwamba Wamasai wameng'oa meno hayo tangu enzi na enzi, sasa yamekoma kuota, wanazaliwa bila. Alitaka niangalie nithibitishe.

Nikakumbuka chuo, nikamkumbuka Mzee Sefania, nikajiona nina jibu zuri kuliko yote duniani. Nikamwambia, mama yangu, kitu kikiondolewa kwa kisu hakiendi kwa mtoto. Kila Mmasai anazaliwa na mbegu za meno hayo, ndiyo maana kila kizazi kinang'oa upya. Na sisi tumewatahiri vijana wetu tangu mababu wa mababu. Umewahi kumpokea mtoto wa kiume ambaye amezaliwa kazi hiyo imeshafanyika? Naetwe alicheka, mara moja tu, akaficha uso. Mama Zakaria naye alicheka, tena sana, akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akatulia akaniambia, "Ngozi ni ngozi, daktari. Mfupa ni mwingine."

Mpare akishashika kesi mnajua haiachi. Nikasema basi tutazame mfupa. Wakati ule tulikuwa tumeshapata mashine ndogo ya eksirei, nami nilikuwa naipenda kupita kiasi. Nilitaka kujua kama kuna mtu alimchokonoa mtoto ufizi, maana wapo wanaowakata watoto wakisema wanatoa meno ya plastiki yanayoleta kuhara, na wameniharibia watoto wengi. Kwa mtoto huyu hakukuwa na kovu. Naetwe alimpakata, nikapiga picha, nikaisafisha, nikaiweka dirishani kwenye mwanga. Mbegu za meno ya ukubwani zilionekana kila upande zimejipanga, na katikati palikuwa patupu. Hakuna aliyeng'oa kitu. Meno yale hayakuumbwa, ya utoto wala ya ukubwani. Nilieleza kwa furaha, kidole kwenye picha.

Mama Zakaria aliniuliza, "Kwa hiyo amezaliwa hana?"

Nikasema ndiyo, amezaliwa hana, inatokea, inakwenda na ukoo.

"Basi," akasema. "Nilitaka kusikia hilo tu."

Jamani. Picha niliyopiga kumtetea yule binti ndiyo iliyomhukumu. Nikaanza kueleza upya, kwamba lazima tuwatazame ndugu wa pande zote mbili, nikamfungua Naetwe mdomo, akawa na meno yote, mazuri. Mama Zakaria akajitolea kufungua wa kwake, meno yote. Nikauliza baba wa mtoto. Akasema mwanawe ana meno kamili, hajawahi kung'oa hata moja, na hajawahi kuumwa. Kila jibu lilikuwa kweli, na kila jibu lilimsukuma Naetwe nje ya nyumba yake. Wakati wa kutoka binti alibaki nyuma kidogo akaniomba nimwandikie kwamba mtoto ni wa Zakaria. Nikamwambia picha haiwezi kusema hivyo. Kuna vipimo vya vinasaba Dar es Salaam, vina utaratibu wake, na baba lazima akubali. Akasema atamweleza. Baadaye nikasikia Zakaria amekataa, kwamba yeye si mtu wa kupelekwa kupimwa na mke wake.

Nilimpigia simu. Alipokea kwa adabu, shikamoo daktari, habari za kazi, nitakuja nikipata nafasi. Nikampigia tena. Nikatuma salamu kwa mwinjilisti wa kule, akarudi na jibu kwamba Zakaria haumwi jino. Nilitaka tu akae kwenye kiti kile nimtazame, dakika chache. Hakuja. Mtoto hakupewa jina la babu yake mzaa baba, kama inavyompasa mjukuu wa kwanza wa kiume, na watu wakaelewa. Baada ya mavuno Naetwe alifunga vitu vyake akashuka na mtoto hadi Kwakoa kwa dada yake. Hakufukuzwa, walisema. Aliachwa tu akae pale mpaka aone mwenyewe kwamba hana pa kukaa.

Miaka ilipita. Nilifundisha wengi wenu katika miaka hiyo, na kila nilipowaonyesha picha ya mbegu za meno nilitumia ile ya mtoto wa Chome, bila kuwaambia ni ya nani. Mama Zakaria alifariki. Nilisikitika zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kubishana naye tena.

Mwaka uliofuata, akaingia mwanaume shavu limevimba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Seremala, mikono ina harufu ya mbao. Aliongea akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, nikadhani ni maumivu. Jina, Zakaria. Anatoka, Chome. Nikaweka kalamu chini. Kwanza nikafanya kazi yangu, nikamchoma ganzi, nikatoa usaha, nikang'oa gego, nikampa pamba ang'ate. Kisha nikamwomba afungue tena, nitazame mbele.

Yalikuwepo. Chini, katikati, meno mawili madogo, meupe kuliko mengine, yamesagika, yana nafasi huku na huku. Meno ya mtoto katika mdomo wa mtu mwenye ndevu. Nikamwuliza kama utotoni aliwahi kuyatupa haya juu ya paa kama watoto wanavyofanya wakiomba jino jipya. Akafikiri, akasema mengine yote aliyatupa, haya hayakuwahi kutoka. Shuleni walimcheka, akazoea kufunika mdomo. Nikapiga picha. Meno ya utoto, mizizi mifupi, na chini yake mfupa mtupu, pale pale. Yeye alibahatika kupata ya utoto, ndiyo maana mama yake alimhesabia meno kamili. Mwanawe hata hayo hakupata. Ukoo mmoja unaweza kugawa kitu kimoja kwa vipimo tofauti, kama mama anavyopakua makande.

Nikaitoa ile picha ya zamani nikaziweka dirishani pamoja. Sikupamba maneno. Nilimwambia hii si hati ya ubaba, inaonyesha tu kwamba pengo hili lipo kwake, na upande wa mama halipo. Pamba ililowa damu mdomoni na hakuitoa. Mwishoni akasema, "Baba yangu alikuwa nayo hivi hivi. Mpaka anazeeka." Nami nikamfikiria Mama Zakaria, aliyekula meza moja na mtu mwenye meno yale maisha yake yote ya ndoa, akayaona ni madogo tu. Nikashindwa hata kumkasirikia. Nilikasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani.

Mume anapokwenda kumwomba mke arudi haendi peke yake. Anahitaji mtu wa kusema kwa niaba yake. Baba mdogo wake alikataa, aliona aibu. Zakaria akaniomba mimi, kwa kuwa nilikuwa na picha. Tulikwenda Jumamosi, tukashuka Mwanga, tukachukua bodaboda mbili hadi Kwakoa. Alikuwa amebeba galoni la dengelua, ile pombe yetu ya miwa, kwa ajili ya wenyeji, na kwa kuwa yeye alikuwa na mzigo wa sukari na kitenge, galoni nikalipakata mimi, mwanakwaya wa Kilutheri, njia nzima, nikiomba nisikutane na mtu wa kanisani.

Naetwe tulimkuta kwenye shamba lake la nyanya, nyuma ya nyumba ya dada yake. Alikuwa amenenepa kidogo, amekuwa mtu mzima. Aliniamkia, shikamoo daktari, nikaitikia marahaba mwanangu. Kwa Zakaria alisema tu habari za Chome. Akatutolea viti tukakaa pale pale pembeni ya matuta. Galoni alilitazama, akasema wakubwa wa nyumba hawapo, litabaki mikononi mwetu. Nikaelewa kwamba ombi letu nalo halijapokelewa. Zakaria hakuelewa, akanipa ishara nianze.

Nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi darasani. Mbegu, mizizi, mfupa, babu, baba, mtoto. Naetwe alizipokea picha mbili akaziinua juu kuelekea mbinguni, akatazama moja, akatazama nyingine. Alikuwa mwerevu, alielewa kabla sijamaliza. Akazirudisha, si kwangu, bali kwa mume wake.

"Mimi nilikuambia kwa mdomo wangu kwamba mtoto ni wako," akasema. "Nilikuambia kila siku, mpaka ukanikataza nisiseme tena. Leo umekuja na mdomo wako kwenye picha, na huo umeuamini."

Zakaria akasema, "Nimekosa, Naetwe."

"Umekosa. Nimesikia."

Kisha Naetwe, kwa sauti ya kawaida kabisa, akampangia. Mtoto ni wa Chome, atapanda likizo, apewe jina la babu yake, afundishwe randa na msumeno. Ada watasaidiana. Yeye nyumbani kwake ni hapa. Nikataka kusema kitu, maana ndiyo kazi niliyoitwa, nikaishia kulisogeza galoni kivulini. Nimewaambia watu wengi maishani kwamba jino hili haliwezi kuokolewa, mmechelewa kulileta, na nilikuwa nasema kwa ukali. Siku ile nilijua wanavyojisikia wakitoka mlangoni mwetu. Ninasikitika hadi leo. Ninasikitika kwamba mtu yule alitembea miaka yote na meno yale mdomoni, saa chache kutoka kwenye kiti changu, na kwamba binti yule alihitaji kuaminiwa tu, jambo lisilohitaji mashine.

Mtoto alikuja kutoka kuchunga mbuzi. Alikuwa ameshaanza shule, mrefu, na lile pengo linaonekana akisalimia. Alituamkia wote wawili kwa adabu. Naetwe akamwambia bila kupamba kwamba huyu ndiye baba yake, na akamwambia Zakaria amwonyeshe mtoto meno yake.

Zakaria alichuchumaa kwenye udongo. Mkono ulipanda wenyewe kufunika mdomo, akaushusha, akafungua. Mtoto akasogea karibu, akainamisha kichwa, akatazama kwa makini kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Akanyoosha kidole akaligusa jino dogo moja, kisha la pili, kisha akapitisha ulimi kwenye pengo lake mwenyewe.

"Wewe yako yamebaki," akasema.

Zakaria akaitikia kwa kichwa, mdomo bado wazi, machozi yanamtiririka. Naetwe alikuwa ameshatupa mgongo, ameinama kwenye tuta anachuma nyanya, na hakugeuka kutazama.